Mchoraji aitwe kabla ya lipu

Shikamooni wakubwa. Wahandisi nawaona mmekaa nyuma kama wanafunzi ambao hawakufanya zoezi. Mnajua nitakachosema mimi mchora kuta za shule: mchoraji aitwe kabla ukuta haujapigwa lipu. Mwenyekiti ameniomba leo nisikirudie, na mimi nitakirudia, maana tangu mwaka juzi sijaona kilichobadilika.

Nilipigiwa simu Jumatatu. Mwenge wa Uhuru unafika shuleni Alhamisi. Mkuu wa shule, mwalimu muungwana sana, akaniambia, "Mzee, ukuta uko tayari, wewe njoo na brashi zako tu." Nikapanda basi na brashi zangu. Nilipofika nikaweka kiganja ukutani: baridi, unyevunyevu, kama kupapasa chura. Lipu ilikuwa imepigwa Jumamosi! Nikamwangalia fundi. Akacheka, akasema, "Mzee, hata mimi nimeambiwa Alhamisi."

Na rangi? Makopo mawili ya rangi ya mafuta, bluu na kahawia, yaliyobaki kwenye milango na mbao za kenchi. Ndiyo ilikuwa bajeti ya sanaa. Nilitakiwa nichore ramani ya Tanzania, twiga, na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Msicheke, twiga wa bluu yule watoto walimpenda.

Nilichora, kwa sababu nauli ya kurudi nilikuwa sina. Mwenge ukaja, watu wakapiga picha, wakala pilau. Masika yakaingia. Ukuta ukaota malengelenge; ukibonyeza moja linatoa majimaji. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, na mafuta yakikutana na magadi mnapata sabuni. Akina mama wanaopika sabuni nyumbani wanalijua hili kuliko ofisi nyingi nilizopita. Ziwa Nyasa lilidondoka kwanza, ikafuata Kigoma yote. Kufika Juni nchi haikuwa na upande wa magharibi. Mwaka uliofuata wakapiga nyeupe juu yake, na walimu wakaniambia kwa upole kwamba "kazi yako, mzee, haikudumu". Kazi yangu!

Sasa yupo mtu atanijibu, yupo kila mara na huwa ametembea Ulaya, kwamba Waitaliano walichora kwenye lipu mbichi. Kweli kabisa. Lakini ile ni lipu ya chokaa, na rangi yake ni unga uliokorogwa kwa maji. Chokaa ikikauka inaikamata rangi, inakuwa mwili mmoja na ukuta. Fundi anapiga kipande cha kazi ya siku moja tu, na mchoraji yuko pembeni anamsubiri. Mexico walifanya hivyohivyo. Waziri wa elimu, José Vasconcelos, alimwita mchoraji Diego Rivera, na mwaka 1923 Rivera akaanza kuchora kuta za jengo lenyewe la wizara. Alizimaliza 1928. Alilipwa kwa mita ya mraba, kama fundi lipu. Mimi hapo sioni aibu yoyote, nilipeni kwa mita ya mraba! Ila fundi lipu yumo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi pamoja na gharama zake. Mimi nalipwa kutoka "mengineyo", pamoja na maturubai na soda.

Ninachodai ni mstari mmoja kwenye hiyo BOQ, na niitwe ramani ya jengo ikiwa bado karatasi. Nikiwepo mapema nitakuonyesha ukuta upi haupigwi na mvua ya kusi, nitakuomba usogeze dirisha nusu mita, nitamkatalia fundi mchanga wa ufukweni wenye chumvi, na lipu itamwagiwa maji kisha ipewe siku zake 28. Vyote hivyo ni bure. Vinataka simu ipigwe miezi mitatu kabla.

Mtaniambia, "Mzee, madawati kwanza." Haya, tupige hesabu. Yale madarasa ya fedha za UVIKO, zile za kukabili korona, 15,000 nchi nzima, kila moja lilitengewa shilingi milioni 20. Asilimia moja yake ikitengwa kwa sanaa ni laki mbili. Laki mbili hainunui madawati ya darasa. Lakini shule iliyopata madarasa manane ingekuwa na milioni moja na laki sita, na kwa hela hiyo nakupa ukuta mmoja wa maana, na primer yake, ile rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta. Wafaransa walipitisha hiyo asilimia moja ya sanaa mwaka 1951 na wakaanzia kwenye majengo ya shule, vita ikiwa imekwisha miaka sita tu, nchi bado inajengwa upya. Nao walikuwa na upungufu wa kila kitu.

Na msiniambie huku kwetu haiwezekani. Mchoraji Elimo Njau, mtoto wa Marangu kule Kilimanjaro, alipewa kuta za kanisa Murang'a miaka ya 1950. Akachora picha tano za maisha ya Yesu, Yesu mwenyewe Mwafrika, nyuma yake vilima vya Kenya. Waliomwita walikuwa kanisa. Serikali inangoja nini? Pale Kampala waliita: sanamu ya uhuru ya 1962 ni ya Gregory Maloba, Mkenya.

Mwenyekiti ananyoosha vidole viwili. Dakika mbili, au mambo mawili? Nilitaka kusema kuhusu hakimiliki, na kamati za kuchagua michoro ambazo hazina mchoraji hata mmoja. Tuyaache, mtaniuliza wakati wa chai. La matunzo silali nalo. Kila rangi iliyotumika, kopo moja libaki stoo ya shule, limeandikwa namba ya rangi na tarehe. Na jina la mchoraji liwe kwenye kona ya ukuta. Shule ile ya twiga wa bluu ina jiwe la marumaru mlangoni, lenye jina la kiongozi wa mbio za Mwenge kwa herufi za dhahabu. Lile halikusubiri makopo ya masalia. Lilichongwa mjini, likalipiwa, na likafika siku nne kabla yangu.