Ukinyamaza Darasani, Hukuwepo

BARAKA: Haya msikilizaji, leo hatuna mgeni. Mgeni ni mwenzangu mwenyewe. Dada Mwanahawa, umesoma shahada ya uzamili ya biashara ugenini, umerudi kwenye maiki muda sasa, na hujawahi kunisimulia siku ya kwanza darasani. Leo hutoki humu.

MWANAHAWA: (anacheka) Mdogo wangu, siku ya kwanza haikuwa na kitu. Wacha nikupe ya tatu. Profesa kaingia, hata kutusalimia hajatusalimia, anamwita mtu aanzishe mjadala. Nasikia kitu kama "Muwanawa". Nikageuka nyuma nimwone huyo maskini ni nani.

BARAKA: Kumbe ni wewe!

MWANAHAWA: Ni mimi. Kadi ya jina iko mbele yangu, herufi kubwa, darasa zima linanitazama, na mimi bado natazama nyuma.

BARAKA: Aisee. Lakini kumwita mtu ghafla hivyo si kumvizia?

MWANAHAWA: Ndiyo shabaha yenyewe! Vyuo vingi vya biashara vinafundisha kwa kesi, na mtindo huo asili yake ni sheria. Mwaka 1870 pale Harvard, mwalimu wa sheria, Langdell, aliacha kuhutubia wanafunzi akaanza kuwahoji juu ya hukumu za mahakama. Chuo cha biashara cha Harvard kikaja kufunguliwa 1908, na miaka ya 1920, chini ya mkuu aliyeitwa Wallace Donham, ambaye naye alikuwa msomi wa sheria, kesi zikashika mizizi. Kwa hiyo ukibanwa kwa maswali hadi jasho likutoke, usidhani profesa ana kisasi na wewe. Umerithi mahakama.

BARAKA: Na kesi yenyewe inakuwaje? Kuna watu wanadhani ni ya polisi.

MWANAHAWA: Ni hadithi ya kampuni. Kurasa 10, 15, nyingine 20 na zaidi. Kuna meneja amekwama: afunge kiwanda au asifunge, apandishe bei au aache. Nyuma kuna majedwali ya mauzo na gharama, mengine yamewekwa kukupoteza tu. Jibu halijaandikwa popote. Unasoma usiku, asubuhi unajadili na kikundi chako kidogo, halafu darasani unatetea msimamo wako. Na siku moja inaweza kuwa na kesi mbili au tatu.

BARAKA: Hapo mbona sioni tabu ya ugeni. Kusoma kila mtu anasoma.

MWANAHAWA: Tabu iko kwenye alama. Kuchangia darasani kunahesabiwa. Hapo Harvard kuna masomo ambayo mchango wako unaweza kufika nusu ya alama zote, na kwingine ni sehemu ndogo zaidi, lakini ipo. Juu ya hapo, vyuo vingi vinagawa alama kwa kupanga watu, yaani fungu fulani tu la darasa ndilo litakalopata alama ya juu, hata mkiwa hodari wote. Sasa chukua mtu aliyelelewa kwamba mwanafunzi mzuri ni yule anayesikiliza.

BARAKA: Anayeulizwa ndiyo ajibu.

MWANAHAWA: Huyo huyo! Nilikuwa na wazo, walahi nilikuwa nalo. Nalipanga kwa Kiswahili, nalipeleka Kiingereza, nalisafisha sarufi, nanyoosha mkono. Nikija kupewa nafasi, wenzangu wameshatoka kwenye bei, wako kwenye wafanyakazi. Nikitoa langu, linasikika kama nimeamka sasa hivi. Nikaona afadhali ninyamaze. Wiki tatu hivi.

BARAKA: Wiki tatu kimya? Wewe? Hapa siwezi hata kumaliza se...

MWANAHAWA: Sentensi. Malizia, nakusikiliza.

BARAKA: Unaona sasa?

MWANAHAWA: (anacheka) Basi, kijana mmoja wa kikundi changu ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, kwa wema kabisa, "Tunadhani husomi." Iliniuma. Mimi kesi moja naisoma mara tatu, wao wanaipitia wakiwa wanakunywa kahawa! Lakini kwao kimya hakikuwa adabu. Kimya kilikuwa daftari tupu.

BARAKA: Ukafanyaje?

MWANAHAWA: Nikaenda ofisini kwa profesa, saa zile anazowapokea wanafunzi. Hizo saa, msikilizaji, wageni hatuendi, tunaona kama tunamsumbua mtu mzima. Kumbe amekaa pale anasubiri. Nikamweleza kuwa mjadala unanipita kwa kasi. Akanijibu kitu kimoja: usiukimbize, uanzishe. Ukiwa wa kwanza kusema, hakuna aliyekutangulia, na kile ulichokitayarisha usiku bado ni kibichi. Toka hapo nikawa naandaa sentensi moja ya kufungulia na namba moja niliyoikokotoa mwenyewe kutoka kwenye majedwali. Namba haina lafudhi, Baraka. Ukisema "kwa gharama hizi wanahitaji kuuza mara mbili ya mwaka jana ili wasipate hasara," watu wanafungua karatasi kuhakiki. Hakuna anayekumbuka umeitamkaje.

BARAKA: Na hivyo vikundi? Maana nasikia ndiko damu inamwagika.

MWANAHAWA: Vikundi wanavipanga wenyewe chuoni, makusudi wanachanganya: mhandisi, mtu wa benki, mtu wa jeshi, mtu aliyetoka kampuni ya ushauri ambaye hawezi kuagiza chai bila slaidi. Ni kitu kizuri. Lakini kuna mtego, nami niliingia miguu yote miwili. Siku ya kwanza ya kugawana kazi, nikasema, "Mimi nipeni Excel." Wote wakafurahi.

BARAKA: Si ulikuwa unaiweza?

MWANAHAWA: Naiweza sana! Ndiyo balaa. Muhula mzima mimi najenga majedwali hadi usiku wa manane, asubuhi wanasimama wengine mbele wanayaeleza. Na sikuwa peke yangu. Nikatazama vikundi vingine: mgeni yuko kwenye kompyuta, mwenye lugha yuko jukwaani. Hakuna aliyepanga ubaya, kila mtu alichukua kilicho rahisi kwake. Ila mwisho wa muhula mmoja amefanya mazoezi ya kusimama mbele ya watu mara kumi, mwingine amefanya mazoezi ya Excel, ambayo aliijua kabla hajaja.

BARAKA: Hapo umenigusa. Ulijitoaje?

MWANAHAWA: Nilidai dakika mbili. Sikuomba wasilisho zima, dakika mbili tu za kueleza jedwali langu mwenyewe. Sauti ilitetemeka, nikaruka slaidi moja nzima. Na nikasimama tena mara iliyofuata.

BARAKA: Tuje kwenye ajira, maana wengi wanaotusikiliza ndiko wanakokutazamia.

MWANAHAWA: Ajira inaanza kabla hujajua choo kiko wapi. Kwenye programu ya miaka miwili, nafasi za mafunzo kazini za kiangazi zinaanza kusakwa ndani ya miezi ya mwanzo. Programu fupi, kama ile ya miezi 10 ya INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, muda wenyewe ndiyo umebana kabisa. Kuna jioni za kampuni: mwakilishi amesimama, wanafunzi wamemzunguka kama mwezi umeandama, kila mmoja anatafuta upenyo wa kuuliza swali lenye akili. Mimi nilikuwa nasimama mstari wa nyuma, nashika glasi.

BARAKA: Na usaili?

MWANAHAWA: Usaili ulinifelisha kwa neno moja: "sisi." Wananiuliza, tueleze mradi uliouongoza. Nasema tulifanya hivi, tukaamua vile. Msaili akanikatiza: "Wewe ulifanya nini?" Nikakwama kweli. Kwetu ukisema "nilifanya, niliongoza, niliokoa," watu wanatazamana. Kule "sisi" inasikika kama unaficha kwamba hukufanya kitu. Ilinibidi nikae na wasifu wangu, mstari kwa mstari, nibadilishe nafsi. Ilikuwa kama kujivua nguo.

BARAKA: Halafu kuna viza.

MWANAHAWA: Ehee. Kuna swali moja kwenye fomu za maombi ya kazi, mgeni yeyote analifahamu: "Je, sasa au baadaye utahitaji kudhaminiwa viza?" Unabofya ndiyo, na pengine barua ya kukataliwa inafika kabla hujafunga kompyuta. Sasa chukua Marekani. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, ile F-1, muhula ukiendelea mwisho wa kazi ya chuoni ni saa 20 kwa wiki. Ukihitimu kuna kibali cha miezi 12 cha kufanya kazi inayohusiana na ulichosoma, na shahada ikiwa imeorodheshwa kwenye sayansi na teknolojia unaweza kuongezewa miezi 24. Ndiyo maana utaona vyuo vya biashara vimebadilisha uainishaji wa programu zao. Usiseme ni mambo ya karatasi tu, hiyo ni miaka miwili ya maisha ya mtu. Baada ya hapo ni H-1B, viza ya kazi ambayo mwajiri ndiye anakuombea: kikomo 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huko. Waombaji huzidi nafasi, kwa hiyo wanachagua kwa mchujo.

BARAKA: Kwa hiyo unaweza kupata kazi na bado ukaikosa.

MWANAHAWA: Unaweza. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya maombi ya chuo, uliza: programu hii imeainishwaje, na kampuni zinazoajiri hapa, ngapi hudhamini wageni? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, umeshajibiwa. Na sheria zinabadilika, kwa hiyo uhakiki mwaka wako, usifuate wa kaka yako.

BARAKA: Pesa?

MWANAHAWA: Pesa ni kipindi kingine, nitalia hapa. Nikuachie moja tu: benki wanataka anwani ndipo wakufungulie akaunti, mwenye nyumba anataka akaunti ndipo akupe anwani.

BARAKA: (anacheka) Haya, turudi nyuma kidogo. Yule profesa na jina lako. Ulimsahihisha?

MWANAHAWA: Mwezi wa pili. Nilimfuata baada ya kipindi, nikamtamkia polepole, akaliandika kwa namna yake pembeni ya orodha, akalirudia mpaka likakaa. Nikatoka mle nimejaa fahari.

BARAKA: Safi sana.

MWANAHAWA: Safi nini! Kabla ya hapo alikuwa ananiruka kwa kuogopa kulikosea. Wiki ile iliyofuata aliniita mara tatu.