Kifaru wa Kabaw: Askari Wetu Waliopigana Burma

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Juma, uliahidi kuja na kitu cha babu yako.

JUMA: Nimekuja nacho, hiki hapa mezani. Beji ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru. Nyuzi zimechakaa, ila pembe bado inaonekana. Bibi aliitunza kwenye kasha la kanga zake mpaka anafariki.

REHEMA: Na huyo kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Iliundwa mwaka 1943 ikiwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26. Batalioni za KAR, yaani King's African Rifles, zilitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, Malawi ya leo, ikaongezwa moja kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kamanda wao alikuwa Meja Jenerali Charles Fowkes.

JUMA: Keya. Wazee hawakusema KAR, walisema "alikuwa Keya".

REHEMA: Walipelekwa kwanza Ceylon, Sri Lanka ya leo, kujifunza vita vya msituni. Na kufika huko kwenyewe kulikuwa na hatari yake. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini, bandari ya Mombasa, na msafara wake, imebeba kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga.

JUMA: Ikazama kwa muda gani?

REHEMA: Hazikufika dakika tatu. Walikufa watu 1,297. Na kuna jambo nikilisoma huwa nafunga kitabu kwanza: nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wanaelea majini, na manowari za Uingereza zikadondosha mabomu papo hapo, watu wakiwemo. Waliookoka hawazidi 214.

JUMA: Mombasa pale pwani watu wanapita kila siku... Haya, twende Burma, Myanmar ya leo.

REHEMA: Agosti 1944. Wajapani wameshindwa Imphal, kule India, wanarudi nyuma. Divisheni ya 11 inaambiwa iwafuate kutoka mji wa Tamu, iteremke Bonde la Kabaw. Na huo ndio msimu wa masika ya kule, mvua haikatiki.

JUMA: Babu hakuwa msemaji, lakini mvua ikianza tu aliinuka, akachukua viatu vya watu wote mlangoni akavipandisha juu ya kabati. Tulidhani ni uzee. Siku moja akasema, "Kabaw viatu vilioza miguuni."

REHEMA: Ndivyo ilivyokuwa. Magari yalikwama, wakatandika magogo barabarani ili yapite. Chakula na risasi vilidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, na mawingu yakishuka, hakuna ndege. Halafu malaria, na homa ya taifasi inayoletwa na utitiri wa kwenye majani. Askari wa Kiingereza walikuwa wakiliita Bonde la Mauti.

JUMA: Na amri zinatolewa kwa Kiswahili.

REHEMA: Kiswahili cha jeshini, ndiyo! Mnyanja, Mkamba na Muacholi walielewana humo. Ofisa Mzungu naye ilimbidi ajifunze. Mimi jambo hili linanigusa sana, kwamba lugha yetu ilipita kwenye lile tope.

JUMA: Wakafika wapi?

REHEMA: Novemba walikutana Kalemyo na Divisheni ya 5 ya India. Tarehe 2 Desemba wakaichukua Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Wiki moja na siku baadaye likakamilika daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la futi 1,154, wakati huo refu kuliko yote ya aina yake duniani. Jeshi la 14 la Uingereza likavuka kwenda kuikomboa Burma, na askari wetu wakarudishwa India kupumzika.

JUMA: Waliofungua njia.

REHEMA: Waliporudi nyumbani, Kenya kulikuwa na mpango wa kuwapa mashamba askari waliotoka vitani, askari Wazungu. Waruhiu Itote, aliyekuwa batalioni ya 36 ya KAR huko Burma, baadaye tulimjua kama Jenerali China wa Mau Mau.

JUMA: Babu alirudi na koti na beji hii. Basi.

REHEMA: Wasikilizaji, kama nyumbani kuna beji ya kifaru, au cheti cha Keya, kipigeni picha kabla ya mchwa. Andikeni jina la mzee, batalioni yake, na kijiji alikotoka. Juma, anza wewe.

JUMA: Batalioni ya 26, Tanganyika. Jina naliandika sasa hivi.