Kukuza Fuwele za Chumvi na Kuchunguza Nyuso Zake

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tutakuza fuwele za chumvi, yaani punje ngumu zenye nyuso bapa, katika bakuli mbili, moja yenye maji ya chumvi peke yake na nyingine iliyotiwa mbolea ya urea, ili tuone kwa macho namna uso wa fuwele unavyoamua kemia yake na umbo lake.

Chumvi iliyo mezani ni ya Uvinza, hapa mkoani Kigoma, ambako chemchemi za maji ya chumvi hutoka karibu na makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi. Chumvi nyingine ya kupikia itafaa pia.

Hatua ya kwanza, mimineni gramu 75 za chumvi katika mililita 200 za maji ya moto, mkoroge, mwache yapoe, kisha mchuje kwa kitambaa safi. Msitarajie kupoa kulete fuwele nzuri, kwa maana mililita 100 za maji ya kawaida huyeyusha takribani gramu 36 za chumvi, na yanayochemka huyeyusha gramu 39 tu. Fuwele zetu zitaletwa na maji kukauka, ndiyo sababu kiangazi hufaa kuliko masika.

Hatua ya pili, gawanyeni maji hayo katika bakuli mbili pana za kioo, kisha katika moja yeyusheni gramu 40 za urea. Mtahisi bakuli hilo likiwa baridi mkononi, kwa kuwa urea huvuta joto inapoyeyuka. Yakibaki na ukungu, yachujeni tena.

Hatua ya tatu, funikeni bakuli zote kwa kitambaa chepesi na kuziweka kivulini pasipotikisika. Juani maji hukauka kwa haraka mno, na fuwele hutoka zikiwa na nyuso zilizobonyea katikati, ambazo hazitatufundisha lolote kwa leo.

Fuwele zikifikia ukubwa wa punje ya mtama, zitoeni kwa kijiko, mzikaushe kwa karatasi na kuzitazama kwa lenzi. Katika bakuli la kwanza mtaona michemraba. Katika la pili, tazameni pembe: zitaanza kukatika na kuacha pembetatu ndogo, na urea ikiwa nyingi zaidi, pembetatu hizo hupanuka hadi fuwele iwe na nyuso nane. Jambo hili si geni, kwani Mfaransa Romé de l'Isle alilieleza mwaka 1783, akitumia mkojo, ambao una urea.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo kiini kilipo. Kwenye uso wa mchemraba, ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) za sodiamu na za kloridi hupishana, hivyo chaji zake husawazishana na uso huo hukua polepole. Uso wa pembetatu una ayoni za aina moja tu, kwa hiyo una nishati kubwa, hupokea ayoni mpya upesi, na kwa kukimbia hivyo hujimaliza wenyewe. Uso unaobaki kwenye fuwele ni ule uliokua taratibu. Urea hushikamana na uso wa pembetatu, hupunguza nishati yake na kuuchelewesha, nao hubaki.

Watengenezaji wa chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, hutumia kanuni hiyo hiyo, ila kwa madini ya fedha matokeo huelekea upande wa pili: polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iitwayo PVP hung'ang'ania nyuso za mraba, na chembe hutoka zikiwa michemraba. Umbo hilo lina uzito wake, kwa sababu atomi iliyo ndani ya fedha ina majirani 12, iliyo kwenye uso wa pembetatu ina 9, na ya uso wa mraba ina 8. Yenye majirani wachache huwa tayari zaidi kushika molekuli zinazopita. Hata amonia, ambayo ndiyo malighafi ya urea yetu, hutengenezwa juu ya chuma, na uso wa chuma ulio wazi, yaani ambao atomi zake zimeachana, ambao wataalamu huuandika (111), umepimwa ukaonekana kuizalisha mara mia kadhaa kuliko uso uliosongamana, yaani (110).

Anayetaka kuendelea aandae bakuli zenye gramu 20, 40 na 60 za urea, alinganishe upana wa pembetatu. Mkimaliza, maji yenye urea yamwageni shimoni na kuyafukia, wala chumvi yake isirudi jikoni. Ng'ombe na mbuzi hupenda kulamba chumvi, na urea nyingi huwaua.