Kuhesabu atomi kwa mizani: moli, siki na puto

Hamjambo watazamaji. Leo tuko jikoni hapa Kampala, na mlango nimeufunga makusudi. Tukifika kwenye mizani mtajua kwa nini. Somo letu ni lile linalowatoa jasho wanafunzi wa sekondari kila mwaka: moli. Darasani utalisikia kwa Kiingereza. Hapa tunalisema kwa lugha tunayonunulia nyanya.

Andaa mizani midogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, ya aina wanayotumia masonara. Tafuta chupa tupu ya soda ya nusu lita, puto moja, siki nyeupe, kikombe cha maharage na bekingi soda. Nimesema bekingi soda, siyo bekingi pauda. Pauda imechanganywa na asidi kavu na wanga, ukiitumia hesabu zote zinaharibika. Magadi ya mawe ya kulainishia maharage nayo hayafai leo, na hata chumvi ya Ziwa Katwe nimeiacha kabatini. Siidharau, ila ndani yake mna chumvi za aina kadhaa pamoja, na sisi tunataka kitu kimoja tupu.

Tuanze na maharage. Hesabu punje 100, uziweke kwenye mizani. Haya yangu ni nambale, yamefika gramu 48. Sasa chota mengine kwa mkono bila kuhesabu, uyapime. Nimepata gramu 120. Gawanya kwa 48, zidisha kwa 100: punje 250. Ukitaka kubisha, hesabu moja moja. Mimi nilibisha mara ya kwanza, nikapata 247. Umeona tulichofanya? Tumehesabu kwa kupima. Muuza misumari anafanya hivyo kila siku, hahesabu msumari mmoja mmoja, anakupimia kilo.

Kemia nayo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba fungu letu halina punje 100. Fungu la mkemia linaitwa moli, na lina chembe 6.022 × 10²³. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imekazwa kimataifa isibadilike tena. Inaitwa namba ya Avogadro, ingawa Amedeo Avogadro, Mwitaliano, hakuwahi kuijua. Alichosema yeye mwaka 1811 ni kwamba gesi mbili zenye ujazo sawa, joto sawa na kanieneo (nguvu ya kukandamiza) sawa zina idadi sawa ya molekuli. Jina lake alipewa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909, mwenyewe akiwa kaburini zaidi ya miaka 50. Shikeni hilo la ujazo wa gesi, puto litaturudisha hapo.

Sasa uzito wa moli moja. Fungua jedwali la elementi, usome namba yenye desimali chini ya kila alama. Sodiamu 23, haidrojeni 1, kaboni 12, oksijeni 16. Bekingi soda ni NaHCO₃, kwa hiyo jumlisha: 23, ongeza 1, ongeza 12, ongeza 16 mara tatu. Ni 84. Basi gramu 84 za unga huu ni moli moja. Hapa wengi hukwama kwa kusahau ile 3 ndogo ya oksijeni, wakapata 52 na kulaumu mizani.

Gramu 84 ni nyingi kwa puto letu. Tuchukue moja ya ishirini, yaani gramu 4.2. Weka kipande cha karatasi juu ya mizani, bonyeza sifuri, halafu dondosha unga kidogo kidogo. Mdogo wangu, sogeza simu karibu waone. 3.9... 4.1... hapo. Ukipumulia mizani namba zinarukaruka, na upepo wa mlangoni ni vilevile. Ndiyo maana nimefunga.

Kijilima hiki hakijazi hata kijiko cha chai, lakini kina vipande vya NaHCO₃ vipatavyo 3 × 10²². Sensa ya 2024 ilitukuta Waganda karibu milioni 46. Tukikaa sote chini, kila mtu ahesabu kimoja kwa sekunde, usiku na mchana bila kulala, tutamaliza baada ya miaka zaidi ya milioni 20.

Mimina mililita 100 za siki kwenye chupa. Kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli, tia unga ndani ya puto. Vika mdomo wa puto kwenye mdomo wa chupa, ukiliacha lining'inie pembeni ili unga usidondoke. Pima vyote pamoja, uandike. Yangu ni gramu 131.6. Tafadhali, usifunge chupa kwa kifuniko chake badala ya puto. Gesi inayokuja inahitaji pa kwenda.

Tayari? Inua puto, unga uanguke. Sikiliza hiyo sauti. Povu linapanda, puto linasimama lenyewe. Shika chupa: imepoa, kwa sababu mmenyuko huu unavuta joto kutoka kwenye siki. Tikisa taratibu mpaka viputo viishe.

Kwa maandishi ni hivi: NaHCO₃ + CH₃COOH → CH₃COONa + H₂O + CO₂. Moli moja ya soda inatoa moli moja ya kaboni dioksidi. Sisi tuliweka 0.05, tutapata 0.05. Moli moja ya gesi hiyo ina gramu 44, kwa hiyo ndani ya chupa na puto kuna gramu 2.2 za gesi mpya.

Rudisha vyote kwenye mizani. Kitabu kinasema vitu haviongezeki wala havipungui katika mmenyuko, basi tunategemea 131.6. Mizani inasema... 130.3. Gramu 1.3 zimeenda wapi? Mara ya kwanza nilidhani puto linavuja, nikaharibu maputo manne nikitafuta tundu. Hakuna tundu. Umewahi kuteka maji ziwani? Jerikani likiwa bado ndani ya maji ni jepesi, ukilitoa ndipo bega linapouma. Maji yanalibeba. Puto nalo limezama, ila limezama hewani. Limesukuma kando hewa ya lita 1.3 hivi, na hapa Kampala lita moja ya hewa ina uzito wa gramu moja na ushee. Gramu zetu zimo ndani ya chupa, ni hewa tu inayozibeba.

Thibitisha. Vua puto, libonye liishe gesi, ibonye na chupa mara kadhaa, kisha pima tena vyote pamoja na puto lililosinyaa. Nimepata 129.6. Gramu 2.0 zimeondoka kweli. Zile 0.2 zilizobaki zimeyeyuka ndani ya siki, kama gesi ya soda ya dukani kabla hujafungua.

Bado ujazo. Vitabu vingi vinaandika kwamba moli moja ya gesi kwenye joto la chumba inajaza lita 24. Hiyo ni kweli kwa ndugu zetu wa Mombasa, wanaoishi usawa wa bahari. Kampala iko juu kama mita 1,200, hewa inatukandamiza kwa nguvu ndogo kuliko wao, na moli ileile inatanuka hadi lita 28 hivi. Kwa hiyo gramu 4.2 zilezile zitatoa lita 1.2 Mombasa na 1.4 hapa, uzito ukiwa 2.2 kotekote. Kwenye mtihani tumia namba uliyopewa, usibishane na msahihishaji.

Kazi yako: rudia kwa gramu 8.4 za soda na siki ileile mililita 100. Soma lebo, kama imeandikwa asilimia 5, ina asidi gramu 5 hivi, na moli moja ya asidi hiyo ni gramu 60. Puto halitafika maradufu. Puto likitulia, livue, kamulia ndimu ndani ya chupa. Povu likianza tena, ujue asidi ndiyo iliyoisha na soda bado ipo.