Dampo Linahama, Jiji Linalifuata

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia taka za Dar es Salaam, ila hatuanzii kwenye gari la taka, tunaanzia kwenye ramani. Kaka Jabiri, wewe ndiye uliyesomea mipango miji, hebu tufungulie.

JABIRI: Asante dada Rehema. Mimi naamini taka za jiji hili zinatushinda mapema sana, gari halijawashwa bado. Zinatushinda siku ile shamba linapokatwa viwanja na hakuna anayeuliza taka za watu watakaojenga hapa zitakaa wapi. Panda daladala ya Tabata, kuna mahali panaitwa Dampo. Watu wanashuka pale kila siku, wana nyumba zao, wana maduka. Pale ndipo taka za jiji zilipokuwa zinamwagwa.

REHEMA: Na dampo lile halikuondoka kwa hiari.

JABIRI: Halikuondoka kwa hiari hata kidogo. Wakazi walichoka na moshi, harufu na nzi, wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 1988 mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga taka Tabata, litafute mahali ambapo halitamdhuru mtu. Jiji likaomba kuongezewa muda, taka zikaendelea kwenda. Baadaye zikapelekwa Kunduchi Mtongani.

REHEMA: Ambako nako kuna watu.

JABIRI: Kuna watu, na Mpango Kabambe wa jiji wa mwaka 1979, ile ramani kuu ya matumizi ya ardhi, ulilitaja eneo lile kuwa la makazi! Yaani mwenye ramani ndiye aliyekwenda kinyume na ramani yake. Wakazi wakashtaki nao, na mwaka 1991 wakashinda. Ikafuata Vingunguti, jirani na Mto Msimbazi. Halafu Mtoni, karibu na Mto Kizinga. Kisha Pugu Kinyamwezi, huko mbele ya Gongo la Mboto. Unaona mtiririko wake? Kila mara tunatafuta shimo au bonde lililo wazi, tunamwaga, mji unafika, tunahama.

REHEMA: Ngoja hapo kaka, maana kuna msikilizaji atakwambia watu ndio waliolifuata dampo. Walikuta taka, wakanunua kiwanja kwa bei nafuu, sasa wanalalamika.

JABIRI: Atakuwa na haki kiasi. Lakini huyo aliyenunua kiwanja, nani alimuuzia? Na alipoanza kuchimba msingi, nani alimwambia hapa hapajengwi? Dampo linatakiwa kuzungukwa na eneo la kinga, ardhi ambayo imechorwa, imewekewa alama, na mtendaji wa mtaa anajua kwamba haiuzwi. Mpango wa 1979 uliwekwa wa miaka ishirini. Ukaisha, na jiji likaendelea miaka mingi bila mpango mpya, huku watu wakiongezeka. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu wote hao walijenga mahali fulani, kaka yangu na dada yangu wakiwemo, na sehemu kubwa walijenga pasipopimwa.

REHEMA: Twende huko pasipopimwa, maana ndiko taka zinakokwama. Ukiingia Manzese au Tandale ndani kabisa, kuna vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Gari la taka litapita wapi? Kwa hiyo inabidi kijana wa mkokoteni asimame kule njia inapokuwa pana, akina mama wabebe viroba mpaka alipo. Kiroba cha maganda ya ndizi na mabaki ya chakula kimelala siku tatu, kinachuruzika mguuni. Mama ameshalipa ada ya taka, na bado anabeba mwenyewe. Asiyeweza kubeba anasubiri mvua, anamwaga mtaroni.

JABIRI: Na mtaro unapeleka Msimbazi, Msimbazi inapeleka bonde la Jangwani. Tukiona maji yamefunga barabara pale tunasema ni mvua. Mvua ipo, lakini mtaro uliojaa chupa na nepi hauwezi kupitisha maji.

REHEMA: Hilo linaniuma, maana waliojenga bondeni ndio wanaohamishwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi zilipelekwa Mabwepande.

JABIRI: Na Mabwepande hiyo hiyo sasa ina kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni, walichojengewa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Hapa nataka nikae kidogo. Zaidi ya nusu ya taka zetu ni vitu vinavyooza: maganda, mboga za sokoni, mabaki ya chakula. Kuzibeba kutoka Bunju mpaka Pugu ni kuvusha maji na maganda upande mmoja wa jiji hadi mwingine, kwenye foleni, kwa dizeli. Mkandarasi wa kuzoa taka akipiga hesabu anapunguza safari, na kizimba, pale mtaani taka zinapokusanywa kusubiri gari, kinafurika. Kila manispaa ikitengewa ardhi ya kuchambulia na kutengenezea mboji, kinachobaki kwenda dampo ni kidogo.

REHEMA: Bonyokwa wanafanya hivyo kwenye kata. Shirika la Nipe Fagio walianza nao: wazoataka wanapita nyumba kwa nyumba, taka zinapelekwa kwenye kituo, zinachambuliwa, za kuoza zinageuzwa mboji. Ila kituo kile kinahitaji kiwanja, na kiwanja ndicho kigumu kupata.

JABIRI: Umegusa penyewe. Tazama urasimishaji unaoendelea mitaani, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Majirani wanakaa kikao, huyu anakubali kurudisha ukuta, yule anatoa kipande, barabara inapatikana. Nawapongeza sana, kutoa ardhi yako si jambo dogo. Lakini ukiutazama mchoro uliobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mara nyingi utaona barabara na viwanja tu. Kizimba hakipo. Miaka miwili baadaye kizimba kinajiota chenyewe, kwenye uzio wa shule au kando ya kisima.

REHEMA: Kwa hiyo mwananchi aseme wakati gani?

JABIRI: Mchoro ukiwa bado rasimu, haujaenda halmashauri kuidhinishwa. Aende kwenye kamati ya urasimishaji aulize mambo mawili: gari la taka litafika wapi, na kizimba kitakaa kwenye kiwanja namba ngapi. Hati zikishatoka, kumnyang'anya mtu kipande chake ni fidia, na fidia ni kesi.

REHEMA: Basi nyinyi mlio kwenye mitaa inayorasimishwa sasa hivi, nendeni mkautazame mchoro wenu, kisha tutumieni sauti mtuambie kizimba kimewekwa wapi. Tutazisikiliza hapa hapa wiki ijayo na kaka Jabiri atazijibu.