Kususa, Kununa, Kudeka: Mtoto wa Awali Anatuambia Nini?

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu wenzangu, hamjambo?

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipangiwa darasa la awali. Wiki ya pili ya Januari kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye, uji ukigawiwa, anageuza uso na kwenda kukaa peke yake chini ya mwembe. Nikasema, tena mbele ya wenzake, "Huyu ana kiburi." Kufika Ijumaa darasa zima linamwita Kiburi.

Bibi yake ndiye aliyenifumbua macho. Mama alikuwa amejifungua, mtoto akahamishiwa kwa bibi, na kwao uji wa asubuhi alizoea kupewa na mama mwenyewe. Kiburi hakikuwapo. Mtoto alikuwa amesusa.

Walimu, litazameni neno hilo. Kususa ni kukataa kitu unachokitaka, ili aliyekuumiza ajue kwamba umeumia. Aliyeshiba hasusi, husema hataki, basi. Kununa nako ni hasira iliyofunga mdomo. Na kudeka kunahitaji mtu: mtoto hamdekei asiyemwamini. Ukiona ameanza kukudekea wewe mwalimu, ujue amekupokea. Hata haya na aibu tumevitenganisha. Haya humzuia mtoto kabla hajatenda. Aibu humshukia baada ya kutenda, au baada ya kutendwa.

Maneno haya tumelelewa nayo, lakini shuleni tunayageuza kuwa ya kusuta. "Acha kudeka!" "Nuna mpaka upasuke!" Mtoto wa miaka mitano anajifunza kwamba kilichomo moyoni mwake ni kosa, na hajui atakipeleka wapi. Kesho anamng'ata mwenzake.

Mimi sasa huchuchumaa, macho yangu yakutane na yake, nikamuuliza taratibu: "Umesusa? Nani amekuudhi?" Mara nyingi hajibu. Nasubiri. Siku ya tatu au ya nne atasema, "Nataka mama." Mama siwezi kumleta, lakini kilio kimeshapata jina, na chenye jina twaweza kukizungumza.

Najua mtasema: mwalimu, mimi nina watoto mia. Ni kweli. Mwongozo wa elimu ya awali hapa Tanzania unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wengi wetu tumeyaona madarasa yakifurika mpaka mlangoni. Huwezi kuchuchumaa mara mia kwa siku. Chuchumaa mara tatu, na kesho watatu wengine. Mengine iachie michezo. Watoto wakicheza mdako, jiwe likikuponyoka zamu yako imekwisha, na hakuna mwalimu anayehitajika kulisema hilo. Hapo mtoto anajifunza kusubiri, kushindwa na kurudi tena kwenye mchezo. Nimeona watoto waliokuwa wakipigana kila asubuhi wakigombania kokoto kwa maneno tu, na nilifurahi kuwasikia.

Tena hili si jambo la pembeni. Mtaala wa Elimu ya Awali wa 2016 ulipotaja umahiri wa kujengwa kwa mtoto, ulitaja kuhusiana pamoja na mawasiliano na hesabu za awali. Mzazi akija atakuuliza kama mwanawe ameshajua kusoma. Mwambie herufi anazozijua, kisha mwambie na hili: juzi aligawana muhogo na mwenzake bila kuambiwa.

Kuhusu fimbo nitasema waziwazi. Kanuni zetu zinamruhusu mwalimu mkuu, au aliyempa idhini kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mwalimu wa awali anayetembea na fimbo mkononi bila idhini hiyo hana kanuni ya kumlinda. Lakini hata kanuni ingeruhusu, ningeikataa kwa mtoto wa umri huu. Anayeogopa mkono wako hawezi kukuonyesha mahali panapomuuma.

Yule mtoto wa chini ya mwembe nilimpa kazi ya kugawa vikombe. Siku mbili za kwanza aligawia wote, yeye asinywe. Siku ya tatu alijiwekea kikombe cha mwisho, akaja kukaa karibu na kiti changu, akanywa. Lile jina la Kiburi, ambalo nililitamka mara moja tu, wenzake waliendelea kumwita mpaka mwezi wa sita.