Nilizalia London wakati wa korona, lakini sikuzaa bure

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimelazimika kurekodi video hii kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile: "Wewe ulizalishwa bure Ulaya wakati wa korona, unalalamikia nini?" Silalamiki, wala sikuja kuringa. Naeleza yaliyonifika mimi, mke wa mtu mwenye viza ya kazi, na ya mwenzangu huenda yakawa mengine kabisa.

Tuanze na hilo neno bure. Tulipoomba viza ya miaka 3 mwaka 2019, kabla hata sijashika mimba, tulitozwa ada ya huduma za afya, pauni 400 kwa kila mtu kwa kila mwaka, na kwa kuwa tulikuwa wawili, pauni 2,400 zilitoka kwa mkupuo mmoja, mbali na ada ya viza yenyewe. Mkunga hakunidai hata senti, ni kweli, kwa kuwa alikuwa ameshalipwa.

Kliniki nilikwenda peke yangu, hata siku ya picha ya wiki 20. Usiku wa uchungu, mwezi wa Agosti, nilipopimwa niliambiwa njia imefunguka sentimita 3, na mume haruhusiwi kuingia mpaka zifike 4. Sentimita hiyo moja ilimweka mume wangu kwenye gari kwa saa saba, na chupa ya uji wa pilipili manga mapajani, akinipigia simu kila baada ya dakika chache mpaka chaji ikamwishia. Alipoitwa hatimaye, uji ulikuwa umepoa, na saa mbili baada ya mtoto kutoka aliambiwa arudi nyumbani. Nilibaki na nyuzi zangu na mtoto anayelia, nikibonyeza kengele.

Najua mtaniambia kwetu Kenya kulikuwa na kafyu, na ndugu yangu wa Kisauni, Mombasa, alishikwa na uchungu mwezi wa Mei ilhali kuanzia saa 1 usiku watu hawatoki. Hilo silibishi. Lakini yeye alikuwa na mama wa kumkanda.

Karatasi ndizo zilizonitoa machozi. Sheria ya hapa inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 42, ila ofisi zilikuwa zimesimamisha kazi hiyo kwa miezi, na nafasi ya kwanza tuliyopewa sisi ilikuwa ya wiki ya 9. Cheti kilikuwa pauni 11 tu wakati huo, lakini bila cheti hakuna pasipoti ya Kenya, na bila pasipoti hakuna viza ya mtoto, kwa sababu, na hili wengi hamtaki kuliamini, kuzaliwa hapa hakumfanyi kuwa Mwingereza ikiwa wazazi wote wawili wanaishi kwa viza ya muda. Oktoba hiyo ya 2020, ada ile ya afya ikapanda hadi pauni 624 kwa mtu mzima na 470 kwa mtoto. Wenye hali tofauti waulize wakili, wasinifuate mimi.

Mama hakuweza kuja mpaka Novemba 2021, baada ya Kenya kuondolewa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani ya nchi ambazo wageni wake walizuiwa kuingia kwa sababu ya korona. Mjukuu alimfungulia mlango kwa miguu yake mwenyewe, na mama akatoa begini mfuko wa pilipili manga ya uji wa mzazi.